Picha ya Mahari

Mimi sina ugomvi na simu. Simu ilipokuwa ya kupigiana na kuulizana hali, tuliishi vizuri kabisa. Ilianza kunikera siku ilipojitia kuijua kazi yangu.

Kazi yangu ni picha. Duka ni la marehemu baba yangu, Mzee Anuar, aliyetoka Pangani na kamera shingoni akaja kukwama hapa Biharamulo. Alinifundisha kushika kamera kabla sijajua kusonga ugali, na hadi leo mjini wananiita Semeni Picha. Ubatizo, maulidi, kipaimara, harusi, mtoto wa arobaini, wote walipita mbele ya pazia langu la buluu. Siku hizi wanajipiga wenyewe huko huko waliko, halafu wanaingia dukani kuniomba niwachapie. Naangalia: paji la uso limejaa picha nzima, masikio hayapo. Nachapa. Nifanyeje?

Na kikulacho ki nguoni mwako. Binti yangu mwenyewe, Asmaa, ndiye aliyeniletea simu kubwa siku ya Idd, kaifunga na utepe.

"Mama, hii ina kamera tatu."

"Kamera tatu za nini? Mimi nina nyuso tatu?"

Hakukata tamaa. Siku moja alinisimamisha mlangoni pa duka, akanishika mabega kutoka nyuma, akanizungusha taratibu huku simu iko mikononi mwangu. Unaigeuza polepole, Mama, mshale usitoke kwenye mstari, ukimaliza inakupa picha moja ndefu. Kweli, ikatoka picha moja kuanzia stendi mpaka msikitini, na muuza mahindi katikati. Nikaitazama, nikamrudishia.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," nikamwambia.

"Mbachao wenyewe umetoboka, Mama."

Mtoto huyu amerithi ulimi wangu wote, hakuniachia hata ncha.

Sasa sikilizeni. Wiki ile ile nikapigiwa na Bibi Deodata wa Murukulazo, kule Ngara. Huyu ni mjane, tunajuana tangu zamani, maana kila nilipokwenda kupiga picha za kipaimara kanisani kwao nilipumzika kwake na kula ndizi zake za kuchoma. Bibi huyu haongei na simu, anaipigia kelele, kama vile anataka sauti ifike Biharamulo yenyewe bila msaada.

"Mwanangu Semeni! Uje Jumamosi asubuhi! Nataka picha ya mahari! Kubwa, ya kutundika ukutani!"

"Nitakuja, Bibi."

"Na uje na ire kamera yako ya kweri! Sitaki vya simu!"

Jamani, nilimpenda Bibi yule papo hapo. Moyo wangu ulifurahi mpaka nikamrudilia Asmaa maneno yale mara kadhaa, kamera ya kweli, umesikia, kamera ya kweli. Bibi nikampa hongera yake kabla hajakata simu. Akanyamaza kidogo.

"Haya," akasema. "Asante."

Mimi nikajua mjukuu wake, Anneth, amepata mchumba. Nikaona yote kichwani: ng'ombe wanaingizwa uani, wazee wanabishana kwa heshima, akina mama wamefunga vitenge vipya. Ng'ombe wa mahari humpigi picha ukiwa umemsogelea, atakukanyaga. Unasimama mbali, unamvuta kwa lenzi ndefu. Kwa hiyo nikachukua lenzi ndefu, nikaiacha ile fupi kabatini. Nikachukua na dera langu la zambarau, lile la kutokea. Ijumaa nikalala Ngara mjini kwa shoga yangu, na Jumamosi asubuhi bodaboda ikanipeleka Murukulazo, mimi nanukia udi barabara nzima.

Tulipofika kwenye ua wa minyaa wa Bibi Deodata nikashuka, nikaweka mtandio sawa, nikashika kamera, nikaingia kwa vigelegele. Vigelegele vya kwetu, vya kutoka tumboni, vinavyopanda na kushuka. Hakuna aliyenipokea. Nikavimaliza peke yangu.

Uani hapakuwa na ng'ombe. Hapakuwa hata na mbuzi. Palikuwa na pikapu ya kukodi, dereva amejilaza kwenye usukani, godoro limefungwa kamba nyuma, na Projestus, mtoto wa Bibi Deodata, mtu mzima mwenye duka la vipuri vya baiskeli pale pale Biharamulo. Amesimama na beseni la vyombo mikononi, mdomo wazi.

"Dada Semeni," akasema, "kuna nini?"

"Kuna nini? Si mahari! Ng'ombe wako wapi?"

"Mahari ya nani?"

"Mimi nijue? Mama yako ndiye aliyeniita!"

Bibi Deodata alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, kavaa kitenge cha kanisani, furushi limelala mapajani. Nikamwendea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unapiga kerere?"

"Bibi, si ulinambia nije nipige picha ya mahari?"

"Ndiyo. Mahari. Hapa." Akapiga ardhi kwa kisigino. "Mahari pangu."

Pa! Hiyo "pa" ndiyo iliyonifumbua macho. Mahari ni yangu, mahali ni pangu. Kwenye simu alisema picha "ya" mahari tu, na hiyo "ya" inamkubali kila mtu, haikunisaidia kitu. Kihangaza chao hakijisumbui na l na r, kinachukua moja kinaendelea na safari. Miaka yote ninayokwenda Ngara nimezoea kura kwamba ni kula, na kurara kwamba ni kulala, lakini hili lilinipita. Looh! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na dera langu na udi wangu.

Projestus alielewa kabla ya mama yake, akaanza kucheka mpaka vikombe vikagongana kwenye beseni. Akamweleza kwa Kihangaza. Bibi akajishika kifua.

"Inkwano!" Kwao mahari ndiyo hiyo, inkwano. "Inkwano yangu mimi? Ariyeitoa yuko pare." Akanyoosha kidole kwenye kaburi la mumewe, Mzee Modestus, limesakafiwa vizuri pembeni mwa ua, na msalaba mweupe. "Na ng'ombe wenyewe turishawara zamani!"

Tukacheka wote watatu, hata dereva akainua kichwa. Lakini kicheko kilipopungua nikaliona godoro tena, nikaliona furushi, na nikaelewa kwa nini sauti yake kwenye simu ilinyamaza nilipompa hongera.

Projestus alinieleza tukiwa tumesimama kando. Mama yake alianguka akitoka kisimani, akakaa chini kwa muda mrefu kabla mtu hajapita. Hawezi tena kuishi peke yake, na yeye hawezi kuacha duka kuja kukaa huku. Anamhamishia kwake Biharamulo. Shamba atalilima binamu yake, na nyumba hii ya matofali mabichi, ambayo inavuja kila kona, itabomolewa.

"Alikataa kabisa," alisema. "Tumesumbuana tangu mavuno. Mwisho akasema sawa, ataondoka, ila kwanza papigwe picha hapa mahali pake, na aione kwa macho yake. Asipoiona hapandi gari. Nikamwambia nitampigia picha mimi kwa simu. Akaniambia simu ni ya kupigia."

"Mama yako ana akili sana," nikasema.

Basi nikaingia kazini, na kazi naijua. Nikapiga nyumba. Nikapiga mafiga ya jikoni, nikapiga mgomba wenye mkungu, nikapiga kaburi la Mzee Modestus, nikapiga bonde na vilima vya ng'ambo ambako mvua ilikuwa imeshaanza kujikusanya. Mwanga ulikuwa mzuri, ule wa kabla ya mvua, kila kitu kinaonekana kimeoshwa. Nikarudi kwa Bibi kifua mbele nikamwinamia na kamera.

Ana mtoto wa jicho upande mmoja. Akakivuta kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera mpaka puani.

"Hii nini?"

"Nyumba, Bibi."

"Na hii?"

"Mgomba."

Nikampitishia moja moja. Mwisho akanirudishia kamera mikononi, taratibu, kama anavyorudishiwa mtu sahani ya chakula kisichoiva.

"Umepakatakata," akasema. "Nyumba huku, mgomba kure, Modestus peke yake. Kama nyama ya kugawana. Mimi nikikaa hapa ninaviona vyote pamoja."

"Nitazichapa, Bibi, nikuletee kubwa kubwa."

"Ukizichapa zitashikana?"

Haziwezi kushikana. Nikajaribu kurudi nyuma ili nipate vyote kwa mara moja, nikafika kwenye minyaa, vijiti vikaniingia mgongoni. Lenzi yangu ndefu ilikuwa inavuta tu, kila nikirudi nyuma inanisogeza mbele. Ile fupi iko kabatini Biharamulo, nimeiacha kwa ajili ya ng'ombe walioliwa zamani. Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga, na nasema kweli, sikumkasirikia Bibi. Mtu ameniita mimi kwa sababu ananiamini, amekataa simu ya mwanawe kwa ajili ya kamera yangu, halafu mimi ndiye ninayemwangusha.

Matone ya kwanza yakaanza. Dereva akapiga honi.

"Mama," Projestus akasema, sauti imelainika, "twende. Dada Semeni atakuja siku nyingine atakupigia vizuri."

"Siku nyingine nyumba iko wapi?" Bibi akauliza. Hakuwa mkali. Alikaza tu mikono kwenye furushi lake, akabaki kwenye kigoda, na Projestus akatazama chini.

Hapo nikatia mkono kwenye mkoba nikatoa simu. Wallahi nilijisikia kama ninavuliwa nguo hadharani. Bibi akaniona.

"Semeni! Hata wewe?"

"Nyamaza, Bibi. Hii leo ni kamera. Kaa hapo hapo mlangoni, usitikisike. Projestus, usipite mbele yangu!"

Nikasimama katikati ya ua, nikakumbuka mikono ya Asmaa mabegani mwangu. Polepole, Mama, mshale usitoke kwenye mstari. Nikaanzia kushoto: mlango, na Bibi kwenye kigoda na furushi lake. Nikageuka. Jikoni. Nikageuka. Migomba, bonde, vilima vya ng'ambo na wingu juu yake. Nimekaza macho kwenye mshale, nimeshika pumzi, mvua inanidondokea shingoni. Nikasikia hatua za mtu anajikokota nyuma ya mgongo wangu, nikasema kimoyomoyo ni Projestus huyo, akipita mbele nitamla nyama. Njia ya kisimani. Ua. Kaburi la Mzee Modestus.

Na Bibi Deodata amesimama kando yake, mkono juu ya msalaba.

Simu ikalia tii, ikamaliza.

"Bibi!" Nilipiga ukelele. "Si nilikwambia ukae!"

"Nirikumbuka sijasimama na Modestus," akasema. "Kwenye picha ya kutundika nimwache peke yake?"

"Sasa umeniharibia! Angalia, umetokea mara mbili! Rudi mlangoni, tunaanza upya, haraka kabla..."

Mvua ikashuka. Si matone tena, mvua yenyewe. Tukamshika Bibi huku na huku tukakimbilia chini ya kibaraza, na simu nimeificha ndani ya mtandio. Mwanga ule mzuri ulikwisha, vilima vya ng'ambo vikapotea kabisa. Nilikuwa nahema kwa hasira. Picha moja nimeiweza, kwa simu, mbele ya watu, na imeharibika.

"Nionyeshe," Bibi akasema.

"Imeharibika, Bibi. Tusubiri mvua ipite."

"Nionyeshe hivyo hivyo."

Nikampa. Nikamwekea vidole viwili kwenye kioo, nikamfundisha kuvipanua, na picha ikamjia karibu na lile jicho lake zima. Akashtuka, akacheka, akapanua tena. Akauona mlango wake. Akausogeza kwa kidole, akapita jikoni, akahesabu mafiga kwa sauti ndogo, akafika kwenye migomba akautaja mmoja kwa jina la aliyempa mche. Alikwenda taratibu vile vile anavyotembea. Bondeni alikaa sana. Projestus alisogea akawa anatazama juu ya bega la mama yake, na hakuna aliyekuwa akikumbuka honi ya dereva.

Akafika kaburini. Akasimama. Akairudisha picha nyuma kwa kidole mpaka mlangoni, halafu akaileta tena kaburini.

"Huyu nani?" akauliza.

"Wewe, Bibi. Ndiyo ninayokwambia."

"Na huyu wa mrangoni?"

"Wewe pia. Simu ilipokuwa inageuka ukaiwahi kwa nyuma. Ndiyo maana nasema nitaifuta tu—"

"Usifute!"

Akaikumbatia simu kifuani. Halafu akaishusha akaitazama tena, mlangoni, kaburini, mlangoni, na uso wake ukaanza kulegea. Sijui niseme vipi. Miaka yote ninapiga nyuso za watu, na ule sikuupiga, maana kamera ilikuwa begani na simu ilikuwa mikononi mwake.

"Huyu ana furushi," alisema, kidole juu ya yule wa mlangoni. "Huyu anakwenda Biharamuro kwa mwanae." Akapeleka kidole kule mwisho. "Huyu hana furushi. Huyu anabaki na Modestus."

Projestus aligeuka akatazama mvua. Mimi nikafuta uso kwa mtandio, na kama mtu angeniuliza ningemwambia ni matone ya kibarazani.

Mvua haikukaa. Ilipopungua Bibi alinyanyuka mwenyewe bila kuambiwa, akachukua furushi lake, akaenda kwenye pikapu. Projestus akamfungulia mlango wa mbele na kumpandisha. Kabla hajaufunga Bibi alitoa kichwa nje, akapaza sauti kuelekea kaburini, kwa ile sauti yake ya simu.

"Haya, mwenzangu! Ubaki sarama! Na hayo majani hapo uyang'oe!"

Dereva akawasha gari.

Nilimchapia kubwa, ndefu, na fundi seremala wa pale mjini alikuna kichwa kwa sababu hajawahi kutengeneza fremu ya namna ile. Asmaa alipoiona kwenye meza ya duka aliipitia yote kwa kidole, mlangoni mpaka kaburini. Halafu akaanza. Mama, kumbe kamera tatu? Mama, na msala upitao? Nikamwambia mbachao wangu uko pale pale kabatini na lenzi zake zote, na asinizoee. Lakini siku hizi wakija watu na familia zao ninawapeleka nje kwenye ua, nawapanga kwa upana, na simu naitoa mwenyewe bila kujisikia ninavuliwa nguo. Na wakitaka sura ya mtu mmoja, uso wenye masikio yake yote mawili, kamera ya Mzee Anuar ipo.

Bibi Deodata yuko kwa Projestus, mtaa wa tatu kutoka dukani kwangu. Amenenepa. Picha imetundikwa sebuleni, imechukua ukuta mzima, na kila mgeni lazima apelekwe kuanzia mlangoni mpaka kaburini, kituo kwa kituo. Juzi nilikwenda kunywa chai, mvua ikatukuta huko, ile ya kupiga bati mpaka hamsikilizani. Projestus akanikonyeza nisiseme neno, kwa sababu nyumba ya Murukulazo imeshabomolewa, na yeye hajapata mdomo wa kumwambia mama yake.

Bibi alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, anaitazama picha.

"Nyumba wameibomoa," akasema. "Binamu yako ariniambia."

Projestus akaweka kikombe chake chini.

"Msihuzunike," Bibi akasema. Akanywa chai, akaelekeza kidevu kwenye picha, kwa yule asiye na furushi pale kaburini. "Yeye hajari mvua. Na mrango wake si ure pare."